Kondoo Thelathini Juu ya Kilima cha Bi Tatu

Video mmeshaiona, najua. Nilipokuja kuzungumza nanyi chuoni, wawili kati yenu waliokaa nyuma walikuwa wakinong'onezana, "Ndiye huyo, wallahi ndiye." Naam, ndiye mimi. Yule mzee mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, anayewaeleza wageni kwa mikono miwili jinsi mbolea inavyoongeza idadi ya kondoo katika malisho, na huku nyuma yake kondoo mmoja anayumba, anapiga magoti, kisha analala ubavu. Na mzee anaendelea kusema. Wajukuu zangu hapa Michenzani wanaiigiza sebuleni. Mmoja anakuwa mimi, waliobaki wanagombea kuwa kondoo. Hakuna anayetaka kuwa mimi.

Lakini video haioneshi yaliyotangulia wala yaliyofuata, na nyinyi mnakwenda kuanza kazi hiyo hiyo niliyoifanya miaka thelathini na kitu. Kwa hivyo nimeona niwaandikie kisa chote, msije mkajifunza kwangu namna ya kusimama tu.

Kilima chenyewe kiko kaskazini ya mji, mwendo wa pikipiki usiomaliza hamu ya kahawa. Aliyetoka bara atacheka akiambiwa kile ni kilima. Kwetu Unguja, pahala ukipanda na baiskeli ikakubidi ushuke uisukume, basi ni kilima. Juu yake udongo ni kinongo, ule mwekundu mzuri, lakini ukiteremka upande wa mashariki unakuwa mwembamba na mawe yanachungulia. Alikuwa nacho Bi Tatu, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda hata siku ile ya video. Mumewe alimwachia kondoo kumi na nne, wale weupe wenye vichwa vyeusi, na alimwachia na shemegi.

Shemegi ni Bwana Haji, mdogo wa marehemu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi wanaotaka pa kujenga, na kila akipita chini ya kilima akiona kondoo kumi na nne wametawanyika kwenye ardhi yote ile, roho ilimuuma. "Ardhi imelala hii," alikuwa akisema. "Watu hawana pa kuweka tofali, kondoo wanapunga upepo." Akapeleka shauri kwa sheha, kiongozi wa kijiji, kilima kigawanywe. Ndugu wengine nao wakaanza kumsikiliza. Sheha, mtu wa taratibu, akasema atangoja miaka michache aone kama ardhi inatumika au haitumiki.

Bi Tatu akaja ofisini kwetu, kwenye ofisi ya mifugo. Akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akaniuliza, "Bwana Suleiman, kilima changu kinaweza kulisha kondoo wangapi?"

Sasa, wanangu, hilo ni suali kubwa kuliko yote katika kazi yenu. Jawabu yake ya kweli ni, "Sijui, twende tukaangalie, na tuangalie mwaka mzima." Mimi nilijibu papo hapo. Nikatoa daftari, nikauliza ukubwa wa eneo, nikachora mistari miwili, nikasema, "Kwa mbolea, thelathini."

Mezani pembeni alikuwapo Mzee Vuai. Huyu hakuwa na cheti hata kimoja. Aliajiriwa kuchunga ng'ombe wa shamba la ofisi akiwa kijana, akazeekea hapo, na kila bwana mifugo aliyepita alifundishwa na yeye bila ya kujua kama anafundishwa. Akanyanyua kichwa akauliza, "Thelathini wa mwezi gani?"

"Wa mwezi gani vipi?" nikamuuliza.

"Wa Mei au wa Februari? Mei kilima kile kitalisha hata ndovu. Mie nnakuuliza Februari."

Nikacheka. Nikamwambia Bi Tatu asijali, mzee anapenda maskhara.

Kabla sijaendelea, nikwambieni mbolea yangu ya kwanza ilikwenda wapi. Niliimwaga mwanzo wa Machi, saa sita mchana, jua la kaskazi linachoma, ardhi imekauka kama sahani. Nilikuwa nimesikia mvua iko karibu. Mvua ikachelewa. Yurea, ndiyo mbolea yenyewe, ikiwa juu ya ardhi kavu na jua kali haiingii chini, inageuka hewa inakwenda zake. Kilima kizima kilinuka kama choo cha soko. Kwa siku nne nilikuwa nikirutubisha mawingu. Bi Tatu alifunga pua kwa ncha ya kanga akaniuliza, "Ndiyo inavyonuka ikifanya kazi?" Nikamwambia ndiyo.

Mara ya pili nilingoja masika yashike. Nikamwaga jioni, mvua ndogo ikanyesha juu yake, na hapo lazima niseme haki ya mbolea: ilifanya maajabu. Baada ya wiki tano ukoka ule ulikuwa mweusi kwa ukijani. Ukipita unasikia unakusugua kifundo cha mguu. Bwana Haji mwenyewe alisimama chini akaangalia juu kwa muda mrefu, akaenda zake. Nilipomuona anaondoka vile nilijihisi nimeshinda vita. Nikasahau kwamba ni mwezi wa Mei.

Kondoo wa kuongeza Bi Tatu hakuwanunua. Aliwapata kwa amana, kama ilivyo ada yetu: ndugu na jirani wanakuletea wanyama wao uwafugie, wakizaa mnagawana. Wakaja kondoo kumi na sita kutoka nyumba tatu. Dada yake alileta, jirani yake akaleta, na mwalimu wa chuo cha Kurani wa kijijini naye akaleta wanne. Wote waliuliza jambo moja, "Bwana Mifugo amesema malisho yatatosha?" Naye akawajibu, "Amesema." Amana ile ilisimama juu ya neno langu. Mimi nilikuwa nikitembea kilimani na daftari kwapani kama mtu anayekagua shamba lake mwenyewe.

Ndipo nikapata wazo la kuita wageni. Wakubwa wa ofisi, wafugaji wa vijiji vya jirani, na sheha pia, aje aone kwa macho yake kama ardhi imelala. Bi Tatu hakutaka. "Tungoje kidogo," alisema. "Kondoo hawajazoeana." Nikamwambia tusikose nafasi. Na kwa kuwa nilitaka kijani kizidi, siku kumi kabla ya wageni nikamwaga mbolea tena kwenye kipande cha mbele, kile kinachoonekana kutoka njiani. Nilimwaga kwa mkono mzito. Mvua nayo ikakata wiki ile, mawingu matupu, na majani yakawa yamesimama bila ya kukua. Na asubuhi ya wageni nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka najishika kichwa: nikawafungia kondoo bandani tangu alfajiri bila ya kula, ili wageni wakija wawaone wakila kwa hamu.

Nilipowafungulia kwenye kipande kile cha mbele, wakala kwa hamu. Hilo lilifanikiwa.

Hotuba yangu ilikuwa imefika pahala pa kueleza kwamba eneo hilo hilo moja linaweza kubeba kondoo mara mbili ya zamani. Katika video mnasikia sauti ya mwanamke, ndogo sana, inasema, "Bwana Suleiman." Mimi naendelea. Inasema tena, "Bwana Suleiman, geuka." Mimi nanyanyua kidole kumaanisha ngoja kidogo. Ni pale nilipoona nyuso za wageni ndipo nikageuka.

Wanne walikuwa chini. Wengine walikuwa wakihema kwa kasi, midomo wazi, miguu inatetemeka. Watu wakaanza kupiga kelele na kuwafukuza kondoo watoke pale. Mzee Vuai, ambaye alikuja bila ya kualikwa akakaa nyuma ya watu wote, akaruka kama kijana.

"Msiwakimbize! Msiwakimbize!" alipiga ukelele. "Watembezeni polepole, wana pumzi kidogo hawa!"

Akamkamata mmoja aliyekuwa akiyumba, akamkata ncha ya sikio kwa kisu. Damu iliyotoka haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama kahawa iliyokaa sana mkaani. Akanitazama. Mimi nilijua, kwa sababu nilisoma chuoni: majani yaliyolishwa mbolea nyingi yakakosa mvua na jua yanahodhi sumu ndani yake, na mnyama mwenye njaa akiyabugia, damu yake inashindwa kubeba hewa. Nililijibu suali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote.

Kuna waliotaka kuwachinja wale walioanguka wasife nyamafu. Mzee Vuai akasimama mbele yao na kisu chake mkononi. "Nyama hii haliwi. Hata mbwa asipewe." Daktari wa mifugo aliletwa na pikipiki kutoka mjini, akawadunga waliobakia dawa ya rangi ya buluu, na wengi wakapona. Watano walikufa. Wawili wa Bi Tatu, watatu wa amana.

Wageni walipoondoka Bi Tatu akanijia. Alikuwa hajalia. Akauliza, "Wamekula nini?"

Wanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli pale pale. Mdomo wangu ukasema, "Mmea wa sumu. Itakuwa umo kwenye majani."

"Upi?"

"Ule wenye maua madogo ya manjano," nikasema, kwa sababu ndio niliouona mbele ya macho yangu wakati ule. Jina lake sikulijua.

Nikapanda pikipiki nikaenda zangu nyumbani, nikalala na kuamka, nikajiambia mambo yamepita. Ofisini watu wakawa wananyamaza nikiingia, video imeshafika kwenye simu zote. Mzee Vuai aliniwekea kikombe cha chai mezani kila asubuhi, kama kawaida yake, na chai ile ikawa inanichoma kuliko video.

Siku ya nne nikapanda kilimani. Nilimkuta Bi Tatu amepiga magoti mteremkoni upande wa mashariki, anang'oa. Nyuma yake kulikuwa na mafungu ya ule mmea wenye maua ya manjano, fungu baada ya fungu, mpaka juu. Siku tatu alikuwa akiung'oa peke yake, kilima kizima. Aliponiona akasimama akanionesha viganja. Vilikuwa vimechubuka, malengelenge yamepasuka, amevifunga kwa vipande vya kanga.

"Umebaki upande ule tu," akasema. "Kesho nnamaliza, kondoo wataweza kurudi."

Nilikaa chini kwenye majani. Nikamwambia yote: mbolea ya mara ya tatu, mkono mzito, njaa ya alfajiri. Nikamwambia mmea ule hauna kosa lolote, mimi silijui hata jina lake.

Aliviangalia viganja vyake. Kisha akasema kwa sauti ile ile ndogo, "Na mie nshang'oa kilima kizima."

"Nisamehe, Bi Tatu."

"Mie nitakusamehe. Lakini wenye kondoo wao hawajasikia. Nyanyuka, twende."

Tukateremka. Alinipitisha nyumba zote tatu kwa miguu, yeye nyuma, mimi mbele, na kila mlangoni alisema maneno mamoja tu: "Bwana Mifugo ana lake." Halafu ananiacha nilimwage. Dada yake alinitukana, na alitukana vizuri, kwa mpangilio, kuanzia kwa walionisomesha. Jirani akacheka mpaka akafuta machozi, akaniomba nisimame kama nilivyosimama kwenye video. Mwalimu wa chuo cha Kurani alinisikiliza hadi mwisho, akasema kondoo wake aliyekufa ni majaaliwa, lakini mbuzi wangu jike aliyemuona kwangu anaweza pia kuwa majaaliwa. Nikampelekea jioni ile ile.

Nilidhani tumemaliza. Bi Tatu akasema, "Bado mmoja."

Akanipeleka kwa Bwana Haji. Nilimwomba barabarani: yeye hana kondoo aliyekufa, tunampelekea silaha mkononi. Bi Tatu akaendelea kutembea. Bwana Haji alikuwa ukumbini anakula muhogo, akatukaribisha. Nikayasema yote mara ya tano. Akaacha kula. Akamwangalia shemegi yake, akaangalia vile viganja vilivyofungwa kanga, akauliza, "Wewe umemleta mwenyewe aje anieleze haya?"

"Ungesikia kwa watu," Bi Tatu alisema. "Bora usikie kwangu."

Tukanywa chai, tukaondoka.

Mnadhani hapo nilikuwa nshajifunza. Kondoo ishirini na watano walibaki kilimani na mimi nikasema wakae, kwa sababu vuli ilikuwa nzuri. Kisha ikaja kaskazi. Januari majani yakasimama, Februari yakawa rangi ya mkeka mkuukuu. Mbolea inaongeza majani mvua ikiwapo. Mvua yenyewe hailetwi na mbolea. Upande wa mashariki kondoo walitafuna mpaka mizizi, mawe yakatoka nje. Wengine wakaanza kuvimba chini ya taya kama waliofungiwa kifuko cha maji, na Mzee Vuai akanifundisha kufunua kope ya chini ya jicho: ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, minyoo imeshainywa damu. Kondoo wengi pahala padogo wanaokota minyoo ya wenzao kila wanapoinamisha kichwa. Hilo halikuwamo kwenye mistari yangu miwili.

"Sasa hesabu," Mzee Vuai akaniambia, tumesimama juu kwenye lile vumbi. "Leo ndiyo siku ya kuhesabu."

Tukahesabu majani badala ya kondoo. Tukaona kilima kile, mwezi ule mbaya, kinaweza kubeba kumi na wawili tu. Kondoo wote wa amana wakarudishwa kwao, wakiwa hai, na mimi ndiye niliyewaswaga mmoja mmoja kwa kamba, watoto wa skuli wakinifuata.

Mwaka uliofuata tulifanya kazi bila ya hotuba. Tulikigawa kilima vipande vinne kwa uzio wa miti ya kupanda, kondoo wanakaa kimoja na vitatu vinapumua. Samadi ya bandani ilitandazwa mashariki, kwenye udongo mwembamba. Mbolea ya chumvichumvi tuliimwaga mara moja tu, kidogo, masika yakishashika, kwenye kinongo cha juu, na kipande kile hakikuingia mnyama mpaka wiki nne zipite, na wakiingia waingie wameshakula majani makavu. Majani yaliyozidi ya masika tuliyakata tukayakausha tukayatundika bandani kwa ajili ya Februari. Bi Tatu alikuwa na daftari lake sasa. Langu hakutaka hata kulifungua.

Kilima kile kilifika kondoo ishirini na mmoja, mwaka mzima, wenye kope nyekundu. Si thelathini. Na kutoka kumi na wawili hadi ishirini na mmoja kulituchukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Sheha alikuja mwisho wa kaskazi, wakati wa ukame, wakati ambao mimi ningemwomba asije. Bi Tatu ndiye aliyeichagua siku hiyo. Hakukuwa na wageni wengine. Sheha akazunguka vipande vyote vinne, akaingia bandani, akagusa majani yaliyotundikwa, akamuuliza Bwana Haji aliyekuwa akifuata nyuma, "Haji, ardhi hii imelala?"

Bwana Haji alijikuna shingo. "Ilikuwa imelala," akasema. "Sasa haijalala."

Shauri likaisha hapo. Watoto wake wakatafuta pa kujenga kwingine, na wa kwanza akaezeka nyumba yake mwaka ule ule.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kilimani naangalia uzio, Bwana Haji akapanda, anahema, anavuta kondoo majike wawili kwa kamba. Wazuri, wanono. Akawafunga kwenye nguzo, akamsalimia shemegi yake, akasema kwa haya kidogo, "Nimekuletea amana. Wawili tu. Wawili watakudhuru nini?"

Nilijua maana ya jambo lile. Mwanamume aliyetaka kilima kigawanywe analeta wanyama wake wafugwe juu yake. Machozi yalinilenga. Nikafungua mdomo kusema kwamba kweli, wawili ni kitu gani, na wote wawili wakanigeukia kwa pamoja, nikaufunga.

Bi Tatu akawazunguka wale kondoo, akafunua kope ya kila mmoja, akawapapasa mgongo. Kisha akafungua ile kamba kutoka kwenye nguzo akaiweka mkononi mwa shemegi yake, taratibu, kama anavyorudishiwa mtu kitu chake alichokisahau.

"Wazuri, Haji," akasema. "Lakini kimejaa. Uje tena mvua ikishanyesha, tutaangalia."